Saratani ya tezi dume: Yaliyompata Lloyd Austin kabla na baada ya kisu

MNAMO Septemba 25, 2023, Bw Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alikuwa jijini Nairobi akitia saini mkataba wa miaka mitano wa ushirikiano wa kijeshi pamoja na Bw Aden Duale, aliyeshikilia wizara hiyo nchini Kenya wakati huo. Hakuna aliyemtazama jenerali huyo mstaafu siku hiyo akamdhania mgonjwa. Haikupita miezi mitatu kabla ya madaktari kumweleza kwamba alikuwa na saratani ya tezi dume.

Kisa chake kilizua kelele nyingi jijini Washington, lakini kelele zenyewe zilihusu siasa: nani alijua, alijua lini, na kwa nini rais hakuambiwa. Ugonjwa ulipitwa kandokando. Ilhali kwa mwanamume aliyepita umri wa miaka 50, awe wa Kisumu au wa Kilifi, lenye manufaa katika habari hiyo ni mfuatano wa mambo: kipimo cha damu, vipande vya nyama vilivyopelekwa maabara, kisu, na yale majuma ya baadaye ambayo ni nadra kusikia mtu akiyasimulia barazani.

Ugonjwa usiobisha hodi

Tezi dume, ambayo wengine huiita tezi kibofu, ni kiungo kidogo kilichoko chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mrija wa mkojo hupita katikati yake mithili ya uzi ndani ya ushanga, na ndiyo sababu tezi hiyo inapovimba mkojo huanza kutoka kwa shida.

Hapa ndipo wengi hukosea. Uvimbe unaowaamsha wazee mara tatu nne usiku, na kuwafanya wasimame msalani kwa muda mrefu wakingoja matone, aghalabu si saratani. Ni ukuaji wa tezi unaoandamana na umri, na una tiba yake. Saratani kwa kawaida huanzia pembezoni mwa tezi, mbali na mrija, na katika hatua zake za awali haina dalili yoyote. Maumivu ya mgongo na ya nyonga, pamoja na kukonda, ni mambo yanayojitokeza wakati ugonjwa umeshapiga hatua. Anayengoja kuumwa ndipo aende hospitalini huenda anaingoja saratani ifike mifupani.

Austin hakungoja. Kwa mujibu wa taarifa ya madaktari wake wa Hospitali ya Kijeshi ya Walter Reed, iliyotolewa Januari 9, 2024, waziri huyo alikuwa akipimwa mara kwa mara kama sehemu ya uchunguzi wa kawaida wa afya. Mwanzoni mwa Desemba 2023 matokeo ya maabara yalibadilika, na saratani iliyohitaji matibabu ikagunduliwa. Alikuwa na umri wa miaka 70 na hapakuwa na lolote hadharani lililoashiria kwamba anaugua.

Kipimo alichokuwa akifanyiwa huitwa PSA. Ni kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha protini fulani inayotengenezwa na tezi dume pekee au karibu pekee. Marekani ilikiidhinisha mwaka wa 1986 kwa ajili ya kufuatilia wagonjwa waliokwisha kujulikana, na mwaka wa 1994 kwa ajili ya kusaidia kuutafuta ugonjwa kwa wasio na dalili. Kwa miaka mingi madaktari wamechukua nanogramu 4 kwa kila mililita ya damu kuwa mpaka wa kutilia shaka, ingawa siku hizi wengi hutazama zaidi jinsi kiwango kinavyopanda mwaka hadi mwaka.

Ni muhimu kufahamu kwamba kipimo hicho hakisemi "una saratani." Kiwango hupanda pia kwa sababu ya maambukizi, kwa tezi iliyokua tu kutokana na umri, na hata kwa mtu aliyewekewa mpira wa mkojo juzi. Vilevile, kipo kiwango cha chini kinachoweza kuficha ugonjwa. Ndiyo maana daktari huongeza ule uchunguzi ambao wanaume wengi wanauogopa kuliko saratani yenyewe: kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Shughuli hiyo haichukui dakika moja. Wapo waliokufa kwa kuikwepa.

Jopo la kitaifa la Marekani linalotoa ushauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilipendekeza mwaka wa 2018 kwamba wanaume wa kati ya miaka 55 na 69 waamue pamoja na daktari iwapo watapimwa, na kwamba waliofikisha miaka 70 wasipimwe kwa mazoea. Sababu ni kuwa saratani nyingi za uzeeni hukua polepole kiasi kwamba mtu hufa nazo wala si kwa ajili yake, ilhali matibabu yana madhara. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina bei yake. Mnamo Mei 2025 ofisi ya rais mstaafu Joe Biden ilitangaza kwamba amepatikana na saratani kali ya tezi dume iliyokwisha kuenea hadi mifupani. Msemaji wake alieleza kuwa mara ya mwisho inayojulikana kwa Biden kupimwa PSA ilikuwa mwaka wa 2014.

Kuna wanaume ambao hawapaswi kungoja umri wa wastani. Aliye na baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yumo katika hatari iliyo takriban maradufu ya wenzake. Isitoshe, wanaume wenye asili ya Kiafrika huugua zaidi, mapema zaidi, na kwa ukali zaidi. Austin mwenyewe, akizungumza na wanahabari Februari 1, 2024, alikumbusha kwamba nchini mwake mwanamume mmoja kati ya wanane huupata ugonjwa huu, lakini kwa weusi ni mmoja kati ya sita.

Vipande kumi na viwili

PSA ikitia shaka, siku hizi mgonjwa hupigwa kwanza picha ya MRI pale mashine inapopatikana, kisha huchukuliwa vipande vya nyama ya tezi. Daktari huongozwa na mashine ya mawimbi ya sauti, hutia ganzi, kisha huchoma sindano nyembamba kupitia njia ya haja kubwa au kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo. Kwa kawaida hutoa vipande vipatavyo 12 kutoka sehemu mbalimbali. Kwa siku kadhaa mgonjwa anaweza kuona damu kwenye mkojo, na kwa majuma kadhaa kwenye shahawa. Hilo halipaswi kumtia hofu. Homa na kutetemeka, hata hivyo, si mambo ya kungojea asubuhi.

Vipande hivyo hutazamwa kwa hadubini na kupewa alama kwa mfumo uliobuniwa katika miaka ya 1960 na Mmarekani Donald Gleason. Mtaalamu huangalia jinsi chembechembe zilivyojipanga, akatoa namba mbili na kuzijumlisha. Jumla ya 6 ndiyo ya chini miongoni mwa zinazoitwa saratani siku hizi, na 10 ndiyo ya juu. Saba iko katikati, na hapo mgonjwa anafaa kuuliza: ni 3 na 4, au ni 4 na 3? Namba inayotangulia ndiyo iliyotawala katika tezi, na tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni kubwa katika maisha. Ya Biden ilikuwa 9.

Mtu anapopewa karatasi hiyo, mara nyingi husikia neno moja tu, na mengine yote yanayosemwa na daktari humpita. Ni vyema aende na mke, mwana au ndugu mwenye masikio yaliyotulia. Austin alisimulia kuwa habari hiyo ilimtikisa, na kwamba silika yake ya kwanza ilikuwa kuiweka moyoni.

Hata hivyo, kwa saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, muda wa kufikiri upo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani ya namna hiyo katika makundi matatu: wa upasuaji, wa mionzi, na wa kufuatiliwa tu kwa vipimo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2023, baada ya wastani wa miaka 15, yalionyesha kuwa 45 pekee kati yao walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, yaani chini ya 3 kwa kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Waliofuatiliwa tu, hata hivyo, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa ugonjwa kuenea. Nelson Mandela alichagua mionzi mwaka wa 2001 akiwa na miaka 83, na akaishi hadi Desemba 2013.

Siku ya kisu

Austin na madaktari wake waliamua kuiondoa tezi. Alilazwa Walter Reed Desemba 22, 2023, akalazwa usingizi wa dawa na kupasuliwa kwa njia ya matundu madogo. Asubuhi iliyofuata alikuwa nyumbani.

Upasuaji wa aina hii una historia ndefu. Hugh Hampton Young aliufanya katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka wa 1904. Kwa miongo mingi baadaye ulikuwa ukiponya saratani lakini ukimwacha karibu kila mwanamume bila nguvu za kiume, na wengi bila uwezo wa kuzuia mkojo, kwa sababu hakuna aliyejua sawasawa zilikopita neva zinazohusika. Mwaka wa 1981 Patrick Walsh, pia wa Johns Hopkins, alimtembelea profesa mstaafu Pieter Donker mjini Leiden, Uholanzi, na wawili hao wakazifuatilia neva hizo kwenye maiti ya mtoto mchanga. Zilipita kandokando ya tezi, si ndani yake. Mnamo Aprili 1982 Walsh alifanya upasuaji wa kwanza akikusudia kuzihifadhi. Miaka 21 baadaye, Februari 2003, alimpasua Seneta John Kerry, ambaye alirejea katika kampeni na kuwania urais mwaka uliofuata.

Kinachofanyika ni hiki. Tezi yote huondolewa pamoja na vifuko viwili vya shahawa vilivyoshikamana nayo, na wakati mwingine tezi za limfu za karibu. Pale tezi ilipokuwa pamebaki pengo, kwa hiyo shingo ya kibofu hushushwa na kushonewa kwenye mrija wa mkojo. Ili mshono huo upone, mpira hupitishwa katika mrija hadi kibofuni. Kazi huchukua baina ya saa mbili na nne. Daktari anaweza kupasua chini ya kitovu, kama inavyofanywa bado katika hospitali nyingi barani Afrika, au kupitisha vifaa katika matundu matano au sita, akisaidiwa na roboti au bila roboti. Matundu hupunguza damu inayopotea na siku za kulazwa. Kuhusu kurejea kwa mkojo na nguvu za kiume, uzoefu wa mkono unaoshika kisu una uzito kuliko mashine, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari ameshafanya upasuaji huo mara ngapi.

Wiki za mwanzo

Mpira hukaa kwa wiki moja hadi mbili. Mfuko unaopokea mkojo hauna budi kuwa chini ya usawa wa kibofu wakati wote, kitandani na garini. Mgonjwa hunywa maji kwa wingi, husafisha pale mpira unapoingilia kwa sabuni na maji, na hutembea kidogokidogo tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Mkojo wenye rangi ya waridi si ajabu. Mpira ukiziba na tumbo la chini likajaa, lazima arejee hospitalini mara moja, wala mtu yeyote asijaribu kuuchomoa na kuurudisha nyumbani, maana unaweza kurarua mshono.

Kujikamua chooni hakufai, hivyo hupewa dawa ya kulainisha choo. Kunyanyua vitu vizito, iwe gunia la mahindi au mtungi wa lita 20, hukatazwa kwa takriban wiki sita. Pikipiki na baiskeli zingoje zaidi.

Katika kipindi hiki ndipo mambo yalipomwendea Austin mrama. Januari 1, 2024, siku ya kumi baada ya upasuaji, alishikwa na kichefuchefu na maumivu makali ya tumbo, nyonga na mguu. Msaidizi wake alipopiga simu kuomba ambulensi, aliomba isije na taa wala king'ora. Hospitalini alipatikana na maambukizi katika njia ya mkojo, na siku iliyofuata akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba majimaji yalikuwa yamekusanyika tumboni na kuufanya utumbo mwembamba ushindwe kufanya kazi. Yaliyokuwemo utumboni yakarudi nyuma. Madaktari walipitisha mrija puani hadi tumboni ili kuyatoa, na mwingine wa kukamua majimaji yale. Alikaa hospitalini hadi Januari 15.

Matatizo ya kiwango hicho si ya kila mgonjwa, lakini dalili zilizomrejesha hospitalini zinafaa kukaririwa na kila aliyepasuliwa na kila anayemwuguza: homa, kutapika, tumbo kuvimba na kuuma, kutopitisha hewa wala choo, mguu mmoja kuvimba, na kifua kubana. Mgonjwa anayefichwa hana wa kumtazama dalili hizo. Wake wengi hubaini hali ni mbaya kabla ya mgonjwa mwenyewe kukiri.

Mpira ukishatolewa, mshangao wa pili huanza: mkojo huvuja. Akikohoa unatoka, akiinuka kitini unatoka, na jioni, misuli ikichoka, hali huwa mbaya zaidi. Pedi huvaliwa. Wanaume wengi huamini wakati huo kuwa wameharibiwa maisha, ila kwa walio wengi uvujaji hupungua katika miezi mitatu ya kwanza na kuendelea kutulia hadi mwaka. Kinachosaidia ni mazoezi ya misuli ya nyonga, yale ya kukaza kana kwamba mtu anauzuia mkojo, kushikilia kwa sekunde kadhaa na kuachilia, mara kadhaa kwa siku. Ni heri yaanze kabla ya upasuaji.

Nguvu za kiume hukawia zaidi. Hata pale neva zilipohifadhiwa, huwa zimetikiswa, na kurejea kwake huweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili. Umri na hali ya mtu kabla ya kupasuliwa huamua mengi. Zipo dawa, sindano na vifaa, na daktari hushauri vianze mapema. Jambo moja halirudi: shahawa. Mwanamume anaweza kufikia kilele cha tendo bila tone kutoka, na hawezi tena kutunga mimba kwa njia ya kawaida. Anayetaka mtoto anafaa kuhifadhi mbegu zake kabla. Hayo ni maneno ambayo huenda mgonjwa na mkewe hawajawahi kuyatamka wao kwa wao. Lugha yenyewe inaviita viungo hivyo sehemu za siri, na magazeti nayo huzungukazunguka.

Upande wa fedha, mgonjwa wa Kenya anafaa kuiuliza hospitali mapema ni kiasi gani kitalipwa na bima ya afya ya jamii chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na kiasi gani atatoa mfukoni. Vipimo vya kabla, pedi na dawa za baadaye huwa hazikumbukwi katika hesabu ya harambee.

Wiki sita hadi nane baada ya upasuaji damu hupimwa tena. Kwa kuwa tezi haipo, PSA inapaswa kushuka hadi isionekane. Ikifika 0.2 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, huhesabiwa kuwa saratani imerejea, na mionzi huweza kutumika. Tezi iliyotolewa nayo huwa imechunguzwa maabara, na ripoti hiyo, ambayo wengi husahau kuiuliza, ndiyo inayosema kama ukingo wa kilichokatwa ulikuwa safi.

Kwa upande wa Austin, madaktari walisema ugonjwa uligunduliwa mapema na matarajio yake ni mazuri mno. Lililomponza ni ukimya. Rais Biden aliarifiwa Januari 4 kuwa waziri wake yuko hospitalini, na umma siku iliyofuata. Naibu wake, Bi Kathleen Hicks, alikabidhiwa baadhi ya majukumu akiwa likizoni Puerto Rico bila kuelezwa sababu. Neno saratani lenyewe rais alilisikia Januari 9. Austin alirejea ofisini Januari 29, na siku tatu baadaye akakiri mbele ya wanahabari kwamba hakulishughulikia jambo hilo ipasavyo, akaomba radhi.

Februari 11, kibofu kilimsumbua tena, akapelekwa Walter Reed. Mara hii naibu wake, Ikulu ya White House na Bunge walijulishwa, wananchi wakatangaziwa siku iyo hiyo, na kabla ya jioni mamlaka yakawa mikononi mwa Hicks. Alihudumiwa bila kupasuliwa, na Februari 13 akaruhusiwa kwenda nyumbani.